Acheni Kuchezea Mwaka Kwenye Kona ya Picha

Kuna mtindo umeingia mjini na mimi naupinga waziwazi. Vijana wetu wamezirudia kamera za filamu, zile za mkanda ambazo wazee waliziuza kwa bei ya kutupa simu zilipokuja. Kuzirudia ni jambo jema, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu uko kwenye ile tarehe ya rangi ya chungwa inayotokea kwenye kona ya chini ya picha. Vijana wanaipenda mno, ila wanaiweka ya uongo. Picha imepigwa 2025, kona inasema '97. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa inaleta hisia za zamani. Mimi nasema inaleta uongo, na sisi tuliokulia Kasulu na kutembea Kibondo tunajua uongo huo utamwangukia nani.

Nieleze kwanza kifaa chenyewe, maana wengi wanaojadili tarehe hii hawajawahi kufungua mlango wa nyuma wa kamera. Kamera ya filamu ina mlango huko nyuma, ndipo unapopachika mkanda. Kuanzia miaka ya 1970 viwanda vya Japani vilianza kuuza milango yenye kazi ya ziada: kuandika tarehe juu ya filamu wakati picha inapopigwa. Canon walikuwa na Data Back A kwa ajili ya kamera kama AE-1 na A-1. Ile ilikuwa na magurudumu matatu ya kuzungusha kwa kidole, la mwaka, la mwezi na la siku, na kila kukicha ulipaswa kulizungusha la siku mwenyewe. Baadaye zikaja zenye saa ya kwatzi ndani yake, kama MF-16 ya Nikon iliyopachikwa kwenye FM2, na kufikia miaka ya 1990 hata kamera ndogo za mfukoni zilikuwa na saa hiyo. Mimi nitauita mlango huu mgongo wa tarehe.

Unapopiga picha, taa ndogo iliyo ndani ya mgongo huo inamulika tarakimu na kuziandika kwenye filamu kutokea nyuma. Filamu ya rangi ina matabaka, na lile linalopokea mwanga mwekundu liko chini kabisa, karibu na mgongo wa filamu. Mwanga wa tarehe unaligusa hilo kwanza, ndiyo maana namba zinatoka nyekundu au za rangi ya chungwa. Kwa hiyo rangi ile si pambo. Ni alama ya mwanga uliopita nyuma ya filamu katika tukio lilelile ambalo mwanga wa uso wako ulipita mbele. Sura na tarehe zimeungua kwenye kipande kimoja cha filamu, na huwezi kuzitenganisha bila kukata.

Sasa, saa hizi hazikutengenezwa ziishi milele. Nyingi za miaka ya 1990 kalenda yake inaishia mwaka 2019. Ukipita hapo mwaka unarudi nyuma, na hakuna fundi wa Kariakoo atakayekuongezea. Wapenda kamera wakabuni ujanja: toa miaka 28. Kalenda yetu hujirudia kila baada ya miaka 28, Jumatatu inaangukia Jumatatu, na mwaka mrefu unaangukia mwaka mrefu, kwa hiyo hata Februari 29 haikusumbui. Kama hesabu, ni hesabu safi.

Ila ifanye hesabu hiyo ukiwa umesimama Kibondo. Mwaka 2021 unakuwa 1993. Mwaka 2022 unakuwa 1994. Mwaka 2023 unakuwa 1995, 2024 unakuwa 1996, na 2025 unakuwa 1997. Kwa kijana wa Dar es Salaam hiyo ni miaka ya suruali pana na kaseti. Kwa nyanda za juu za Kigoma ni miaka mingine kabisa.

Oktoba 21, 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia nchi yao, wengi wakiingia kwetu. Mwaka 1994 yakatokea mauaji ya kimbari Rwanda na umati wa watu ukamiminika Ngara, kaskazini mwa Kibondo. Mwaka 1996 vita vikalipuka mashariki mwa Zaire, Wakongo wakavuka Ziwa Tanganyika, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Kasulu mwaka huohuo. Katika miaka hiyo majina ya Mtabila, Muyovosi, Nduta, Mtendeli na Kanembwa yakawa ya kila siku kwenye vinywa vya watu wetu, kama unavyotaja jina la gulio.

Kisha sikiliza sehemu inayofuata, maana ndipo hoja yangu ilipo. Nduta ilifungwa mwishoni mwa miaka ya 2000, ikafunguliwa tena Oktoba 2015, baada ya Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu na Warundi kuanza kukimbia upya. Mtendeli nayo ilifunguliwa tena Januari 2016, ikaja kufungwa 2021. Nyarugusu haikuwahi kufungwa. Yaani vilima ni vilevile, udongo ni uleule, maturubai yale yale, foleni ya maji ileile. Kuna watu waliofika Nduta wakiwa watoto katika miaka ya 1990, wakarudi kwao, wakaja tena Nduta 2015 wakiwa wameshika watoto wao mkononi. Mweke mtu wa namna hiyo mbele ya kamera mwaka 2025, kona iandike '97. Ni kitu gani ndani ya picha kitakachokuambia kwamba mtoto aliyebebwa si yeye?

Hakuna. Kinachotenganisha uhamisho wa kwanza na wa pili katika picha hizi, mara nyingi, ni zile namba tu.

Sizungumzii hatari ya kubuni. Kijana mmoja mwenye kipaji, ambaye sitamtaja kwa sababu jambo hili haliko kwake peke yake, alinitumia picha zake 20 na kidogo alizopiga barabara ya kuelekea Kibondo, akaniomba niziandikie utangulizi. Picha ni nzuri, siwezi kumnyima hilo. Kuna mama amebeba mkungu wa ndizi, kuna baiskeli zimepakia mkaa, kuna familia imekaa kando ya barabara na mizigo yake inasubiri gari. Kila picha ina '97 kwenye kona. Zote zimepigwa 2025. Nikampigia.

"Kaka, hii familia yenye mizigo ni ya lini?"

"Ya mwaka jana, kaka. Ile '97 ni vaibu tu. Watu wanajua."

Nilikataa kuandika. Nilimwambia abadilishe maelezo, atamke chini ya kila picha kwamba mwaka ulio kwenye kona si wa kweli, nami nitaandika siku hiyohiyo. Hakukubali, akasema maelezo yataua picha. Basi, kama ukweli mdogo wa maneno kumi unaua picha yako, picha hiyo ilikuwa inaishi kwa nini?

Hilo neno "watu wanajua" ndilo linalonikera kuliko mengine. Watu gani? Wafuasi wake wa mtandaoni wanajua. Lakini picha haibaki kwa wafuasi. Inapigwa upya na simu, inatumwa WhatsApp, inafika kwenye kundi la ukoo, inahifadhiwa na mtu asiyemjua mpigaji wala maelezo yake. Na WhatsApp, kama hujui, inapotuma picha kwa njia ya kawaida inafuta taarifa zilizofichwa ndani ya faili, zikiwemo saa na siku ya kupigwa. Tarehe unayoiona kwenye jina la faili ni ya siku picha ilipopita WhatsApp. Kinachosalia ni kile kinachoonekana kwa macho. Katika safari hiyo yote maelezo yako mazuri yanadondoka njiani, '97 inafika.

Nimesikia pia kwamba huu ni mchezo wa dunia nzima na mimi nauchukulia kwa uzito usio wake. Ni kweli umeenea. Programu ya simu iitwayo Huji, ya Wakorea, ilishika kasi mwaka 2018 kwa kuzifanya picha za simu zionekane za kamera ya bei rahisi ya mwaka 1998, na ikiachwa ilivyo huandika '98 kwenye kona. Mtu akijipiga hivyo ufukweni Coco na bia yake, mimi ni nani nimzuie? Simu aliyoshika rafiki yake inamuumbua. Lakini mahali ambapo hakuna simu kwenye picha, ambapo nyumba ya tope ya 1997 na ya 2025 zinafanana, mchezo ule unageuka kitu kingine. Dunia haikugawiwa sawasawa kwenye jambo hili. Wapo wenye vyeti, anuani, risiti na magazeti ya kuwathibitishia miaka yao. Wapo ambao wana albamu moja iliyofungwa ndani ya kitenge.

Hapa nataka nizungumzie hiyo albamu.

Mwanamke mmoja wa Kibondo mjini, mtu mzima sasa, alinionyesha yake. Vyeti vyake vingi vililiwa na mchwa wakati sanduku likiwa sakafuni. Picha zilipona kwa sababu zilikuwa juu ya kabati. Moja ni ya ubatizo wa mwanawe wa pili: mama amevaa gauni lenye mabega yaliyotuna, mtoto kafunikwa kitambaa cheupe, na kwenye kona, juu ya nyasi, tarehe. Kijana huyo alipohitaji kuthibitisha umri wake, hakuna aliyekumbuka vizuri ilikuwa lini. Mama alikumbuka tu kwamba yalikuwa masika. Wakaichukua picha, wakasoma namba, wakaenda parokiani, na katibu akafungua daftari la mwaka ule na mwezi ule. Jina likapatikana ndani ya nusu saa.

"Bila ile picha," aliniambia, "wangefungua madaftari yote ya padri mpaka leo, mwanangu."

Tazameni kilichotokea hapo. Ofisi haikuipokea picha kama cheti, wala hakuna aliyedai ipokewe hivyo. Picha ilielekeza tu mahali cheti kilipo. Ilimwambia katibu afungue ukurasa gani. Hiyo ndiyo kazi halisi ya tarehe ile kwa watu wa kawaida, na ni kazi kubwa. Fikiria sasa mwanawe, au mjukuu wake, anapewa picha ya 2025 yenye '97 na anaanza kutafuta.

Mkoa wa Kigoma una jambo lingine ambalo wa mbali hawalijui vizuri. Kwa sababu ya mpaka na kwa sababu Kiha na Kirundi vinasikilizana, Waha wamekuwa wakilalamika kwa miaka mingi kwamba huulizwa uraia wao mara nyingi kuliko Watanzania wengine. Wewe ni nani, baba yako alizaliwa wapi, mlikuja lini. Malalamiko hayo yamesemwa hadharani na yamefika bungeni. Mkimbizi naye, kwa upande wake, huulizwa alivuka lini, akapitia wapi, alikuwa na nani. Pande zote mbili swali ni moja: lini? Watu wanaoishi chini ya swali hilo hawawezi kuichukulia tarehe kama urembo. Nawe unayefika na gari asubuhi na kuondoka jioni, ukiwaandikia mwaka usio wao juu ya nyuso zao, umewajibia swali ambalo hukuulizwa, na umelijibu vibaya.

Wapiga picha wa zamani walilijua hili bila semina. Kuna mzee Kasulu aliyefanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 20: harusi, ubatizo, mahafali, picha za vitambulisho. Nilikaa naye nikamuuliza kuhusu tarehe.

"Shikamoo mzee. Hivi ile saa ya kamera ulikuwa unaiweka kwa kufuata nini?"

"Marahaba. Kwa kufuata redio. Ukibadilisha betri, saa inarudi mwanzo, mwaka wa kiwandani. Basi sipigi mpaka nisikie taarifa ya habari. Wakisema leo tarehe kadha, ndiyo naweka."

Akanieleza mengine. Namba zikiangukia kwenye kanzu nyeupe au mawingu hazisomeki, kwa hiyo alikuwa anawapanga watu ili kona ya kulia chini iwe na kitu cheusi: nyasi, kivuli, meza. Kamera ukiisimamisha wima, tarehe inalala ubavuni. Na mkanda ulikuwa wa picha 36, humalizi kwa siku moja. Mteja wa mwanzo wa mkanda angeweza kungoja wiki kadhaa mpaka picha zisafishwe. Ndipo tarehe ilipokuwa na maana kwa mteja. Picha ilimfikia mwezi mwingine kabisa, lakini siku yake ilikuwa imeandikwa. Wapo waliomwomba aizime, hasa wapenzi waliokuwa na sababu zao, naye aliizima. "Kuzima ruhusa," alisema. "Kudanganya hapana. Mteja kanikabidhi siku yake."

Maneno hayo mafupi, kuzima ruhusa na kudanganya hapana, yanatosha kuwa sheria ya jambo hili zima. Migongo karibu yote ya tarehe ina kitufe cha kuzimia. Kwenye kioo kidogo unaona vistari tu, na picha inatoka safi. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba kamera yake imemlazimisha '97. Kamera ilimpa njia ya kunyamaza, yeye akachagua kusema uongo.

Najua wasomaji wa ukurasa huu, na najua watakachonijibu. Niyachukue majibu mawili yenye nguvu.

La kwanza: hata zamani tarehe zilikosewa. Kweli kabisa. Betri ilikufa na mtu akapiga harusi nzima ikiwa na Januari 1 ya mwaka wa kiwanda. Mwingine hakujua kuiweka kabisa. Hata iliyowekwa vizuri ina mtego: kamera nyingine huanza na mwaka, nyingine na mwezi, nyingine na siku. Ukiona 4 12 '97 inaweza kuwa Aprili 12 au Desemba 4, na kwa mtu anayetafuta alivuka mpaka lini, kati ya Aprili na Desemba pana maisha yake yote. Kwa hiyo msomaji makini wa picha huitazama tarehe kama anavyomtazama shahidi, anauliza maswali. Lakini shahidi anayekosea na shahidi aliyenunuliwa si watu wamoja. Makosa ya betri yana dalili: picha zote za mkanda zina siku moja, au mwaka unapingana na kila kitu kingine. Uongo wa kutoa miaka 28 hauna dalili, kwa sababu umetengenezwa usipingane na kalenda hata kwa siku moja. Siku ni sahihi, mwezi ni sahihi, mwaka tu ndio umebadilishwa. Uongo hauwi mbaya zaidi ya hapo.

La pili ni la wenzangu wa fasihi: sanaa ina uhuru. Watanitajia W. G. Sebald, Mjerumani aliyeishi Uingereza, ambaye kitabu chake Austerlitz cha mwaka 2001 kimejaa picha zisizo na maelezo, msomaji hajui ipi ni ya nani. Nakipenda kitabu hicho. Lakini kinauzwa kama hadithi ya kubuni, na anayekifungua anajua ameingia nyumba gani. Tena Sebald ananyamaza chini ya picha; haandiki mwaka wa uongo juu yake. Anayetaka kufanya hadithi ya Kibondo kwa picha na afanye, ajalada neno "hadithi", mimi nitakuwa wa kwanza kuinunua. Ninachokataa ni kuchukua sauti ya ushahidi, ile sauti kavu ya namba, na kuifanya iseme mambo ambayo hayakutokea, halafu kazi ikauzwa kama picha za maisha ya watu. Roland Barthes, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu upigaji picha, alishikilia kwamba nguvu ya picha ni kutuhakikishia kwamba kitu kile kilikuwepo mbele ya lenzi. Tarehe inaongeza neno moja tu kwenye uhakika huo: lini. Ukilichafua neno hilo, umeuchafua na uhakika wenyewe.

Wala tusidhani kuwa kutia tarehe ni mazoea ya kamera za Kijapani tu. Mwana Kupona binti Mshamu alipomaliza utendi aliomwandikia binti yake, aliufunga kwa kutaja idadi ya beti na mwaka wa kuutunga, 1275 wa Hijria, yaani 1858 kuelekea 1859. Aliona kwamba wosia wa mama bila mwaka una pengo. Watunzi wengi wa tenzi walifanya hivyohivyo. Huku bara, mashairi hayo hayakuwa yetu, ila sote tulikuwa na desturi ya kugeuza picha na kuandika nyuma yake kwa kalamu ya bluu: ukumbusho wa fulani, Kasulu, tarehe fulani. Sisi ni watu wa kuandika lini. Anayesema tarehe ni "ushamba" au "urembo" hajageuza picha za bibi yake.

Na hapa nina neno kwa kundi la pili, ambalo halichezei mwaka ila linaukata. Hawa ni wahariri na waandaaji wa maonyesho. Wanaletewa picha ya familia ya mwaka 1996 kutoka Kasulu, namba ziko palepale, wao wanakata kona kwa sababu inachafua muundo. Kisha chini wanaandika "miaka ya 1990". Jamani, mmepewa siku, mkarudisha muongo! Mtu alingoja taarifa ya habari ili aweke siku ile, nyie mnaifuta kwa sababu ya weupe wa ukuta. Kinachonishangaza zaidi, haohao ndio wanaofurahia '97 ya uongo kwenye picha mpya, kwa kuwa hiyo "inaongea". Ya kweli inakatwa, ya kubandika inapigiwa makofi.

Kwa hiyo ninachodai ni hiki, na si kigumu.

Kama mgongo wa kamera yako bado unaufikia mwaka huu, uweke sawa, na uhakikishe kila unapobadilisha betri. Kama kalenda yake imekwisha, izime. Ukitaka tarehe, iandike kwa kalamu nyuma ya picha na kwenye bahasha ya negativi, kama walivyofanya waliokutangulia. Ukishindwa kabisa kuvumilia bila '97, basi iandike kwenye picha zako mwenyewe, za sherehe zako, ambapo wewe ndiye utakayepotezwa. Usiiandike kwenye uso wa mtu ambaye hukumuuliza.

Wahariri, msikate kona. Ikibidi kukata, nakilini tarehe kama inavyosomeka, na mseme mmeihakiki au hamjaihakiki. Mnaokusanya picha za familia kwa ajili ya kumbukumbu za wilaya zetu, skanini pande zote mbili, mbele kwa ajili ya namba na nyuma kwa ajili ya kalamu. Nasi tunaoandika utangulizi na tahakiki, tuache kusifia kwanza na kuuliza baadaye. Swali la kwanza kwa kila picha liwe ni ya lini, na jibu likiwa ni "vaibu", turudishe bahasha.

Warundi wamekuwa wakirejea kwao kutoka kambi za Kigoma tangu 2017, na kila familia inayoondoka inaondoka na picha zake. Baada ya miaka 28 mingine kuna mtu atakaa Ruyigi au Makere na kuzimwaga juu ya mkeka, azipange kwa miaka, amwonyeshe mtoto wake: hapa ni bibi yako safari ya kwanza, hapa ni mimi safari ya pili. Anastahili kuzikuta namba zinazosema kweli, au kona tupu. Asikute mzaha wetu.